Kichina Kinalipa? Mambo 12 ya Kujua Kabla Hujatoa Ada

Swali hili halichuji. Linaulizwa kwenye vikao vya familia mtoto anapomaliza kidato cha sita, linaulizwa Kariakoo mfanyabiashara anaporudi kutoka Guangzhou na mzigo aliouziwa kwa bei ya mgeni, na linaulizwa na mafundi wanaoshinda saiti wakielekezwa kwa vidole: hivi nikisoma Kichina, nitapata nini? Wapo watakaokuambia hiyo ndiyo lugha ya kesho na asiyeijua ataachwa. Wapo watakaokucheka: ujifunze ya nini na simu inatafsiri?

Msimamo wangu nautanguliza ili tusizungushane. Kichina kinamlipa mwenye shughuli nyingine mkononi. Kikiwa peke yake, kama ndiyo elimu yote uliyo nayo, siku hizi kinayumba. Utamaduni wao, kwa upande mwingine, unamfaa karibu kila anayefanya kazi au biashara nao, hata asiyejua kutamka zaidi ya nǐ hǎo. Haya, tuanze.

1. Taja kwanza utakitumia wapi

"Iko siku kitanisaidia" si mpango. Sema: nitakitumia dukani, saiti, chuoni, kwenye gari la watalii. Ukishindwa kutaja mahali, tunza hela yako.

Nina sababu ya kuanza na hili. Zamani kidogo, kijana aliyejua Kichina cha kubahatisha alipata kazi ya ukalimani saiti bila kusumbuka: bosi anasema, yeye anageuza, vibarua wanaleta mchanga. Kazi hiyo imeliwa pande mbili. Upande mmoja ni simu. Msimamizi anaongea, simu inasema Kiswahili chenye makosa ya kuchekesha, na saruji inafika. Upande wa pili ni Wachina wenyewe, ambao wengi wameokota Kiswahili cha saiti na cha sokoni kwa kasi ya ajabu. Anayejua kusema "lete koleo" na "kesho saa moja asubuhi" hahitaji mkalimani wa koleo.

Iliyobaki ni kazi ambayo hakuna anayethubutu kuiachia simu: mkataba, mgogoro wa kazini, mgonjwa aliyelazwa, mwongozo wa mashine, mvutano kati ya mwekezaji na wanakijiji. Hapo anatakiwa mtu anayeijua lugha na kulijua jambo lenyewe. Fundi mitambo anayesoma maandishi kwenye paneli ya mashine bila kumsubiri mtu ana thamani kubwa kuliko mkalimani asiyejua boliti na nati. Vivyo hivyo mhasibu, mwanasheria, muuguzi, wakala wa forodha.

Mwongoza watalii nampa aya yake. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na kuongoza watalii ni mojawapo. Kwa hiyo Mchina anayetaka kuelezwa kwa lugha yake kwa nini nyumbu wanavuka Mto Mara anapaswa kuelezwa na Mtanzania. Ukijua kumtofautisha chui na duma kwa Kichina, ukajua na majina ya ndege na miti, una soko ambalo simu haijalifikia. Mtalii ametoka mbali kuja kusimuliwa, na simu haijui kusimulia.

2. Usidhani kila mradi mkubwa ni wa Wachina

Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilijengwa na Yapi Merkezi, kampuni ya Uturuki. Ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 2017, ndiyo iliyojengwa na Wachina, China Road and Bridge Corporation. Watu huzichanganya kila siku. Kama unasoma lugha kwa ajili ya mradi fulani, kasome kwanza bango lake barabarani: mkandarasi ni nani, mhandisi mshauri ni nani, kazi inaisha lini. Mradi uliobakiza mwaka mmoja utakuacha Kichina chako kinaanza kuiva huku wenzako wanafunga mizigo.

3. Piga hesabu ya saa

Taasisi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia lugha hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji takribani saa 900 za darasani ili akimudu Kiswahili kikazi, na saa 2,200 ili akimudu Kichina. Wewe si Mmarekani, lakini uwiano unakupa picha. Saa 2,200, ukisoma saa moja kila siku, bila kuugua, bila msiba, bila mechi ya Simba na Yanga, ni miaka 6.

Ila wengi hawahitaji kufika huko. Mtihani wa kimataifa wa Kichina unaitwa HSK, na kwa mpangilio uliozoeleka una ngazi 6: ya kwanza inadai maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600, ya nne 1,200, ya tano 2,500 na ya sita 5,000. Ngazi ya pili inakutosha kununua, kuuliza njia, kusalimia na kujitetea hotelini. Ya tatu inakufanya uvumilike kwenye maongezi. Ya nne ni mlango wa vyuo vikuu. Chagua kituo chako cha kushukia kabla hujapanda. Angalizo moja: mwaka 2021 China ilitangaza viwango vipya vya ngazi 9 vyenye maneno mengi zaidi, kwa hiyo kabla hujanunua kitabu cha mtumba uliza kinafuata viwango vipi.

4. Toni kwanza, mengine baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na wanaanguka kwa sababu wameharakishwa.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha chache za Kibantu zilizopoteza toni. Mkikuyu, Mchaga, Mnyarwanda au Mrundi aliyekulia kwenye lugha ya nyumbani anajua tangu utotoni kwamba sauti ikipanda au kushuka neno linageuka. Sikio lake liko tayari, hata kama mwenyewe hajawahi kulifikiria hilo. Wa Pwani, na vijana wa mjini waliolelewa kwa Kiswahili kitupu, ndio wenye kazi.

Kichina sanifu kina toni 4, pamoja na silabi nyepesi zisizo na toni. Mǎi, sauti ikizama chini, ni kununua. Mài, sauti ikianguka kwa nguvu, ni kuuza. Sasa jione umesimama kwenye duka la jumla, unatangaza kwamba umekuja kuuza simu 500. Tāng ni supu, táng ni sukari, na mhudumu wa mgahawa hana muda wa kukisia.

Makosa yetu Waswahili ni mawili. La kwanza, tunatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa mazoea. La pili, tunapandisha sauti tunapouliza, na kwa kupandisha tunaligeuza neno la mwisho kuwa neno jingine kabisa. Wachina wana kineno cha kuulizia, ma, kinachokaa mwisho wa sentensi. Kitumie, uiache sauti ifanye kazi yake.

Miezi miwili ya kwanza sikiliza na uige kwa sauti; kusoma kimyakimya hakukusaidii. Jirekodi kwa simu ujisikilize, ukiona aibu vumilia. Na mwalimu anayekupitisha na toni mbovu kwa sababu ya upole anakudhulumu. Mwombe awe mkali.

Sarufi nayo inakupa nafuu. Kitenzi hakibadiliki kwa jana, leo wala kesho, na umoja na wingi havikusumbui. Lililopo ni la kuhesabu vitu: kitabu kina neno lake la kuhesabia, běn; vitu bapa kama karatasi, meza na kitanda vina zhāng; vitu virefu kama samaki, mto na barabara vina tiáo. Wazungu hulalamika sana hapa. Wewe unayesema kiti kimoja, mti mmoja, jiwe moja bila kufikiri, huna haki ya kulalamika.

5. Maandishi yatambue, usijitese kuyachora

Tangu 1958 China ina mfumo rasmi wa kuandika matamshi kwa herufi za Kilatini, pinyin. Ndio huu ninaoutumia hapa, na ndio unaokuwezesha kuanza leo. Ila usibweteke. Menyu na mlango wa choo mara nyingi havina pinyin. 男 ni wanaume, 女 ni wanawake. Hayo mawili yajue kabla hujapanda ndege.

Mchina wa leo akiandika ujumbe kwenye simu anachapa pinyin, simu inamletea maandishi, anachagua. Nawe fanya hivyo. Kuandika kwa mkono waachie wanaokwenda kusoma na wapenda sanaa. Utakapoanza kuyazoea utaona yana mpangilio: 木 ni mti, ikirudiwa mara mbili 林 ni kichaka, mara tatu 森 ni msitu mnene, na vile vitone vitatu vya maji upande wa kushoto utavikuta kwenye mto 河, ziwa 湖 na bahari 海. Kamusi ya Pleco iweke kwenye simu. Matumizi yake ya kawaida ni bure na haihitaji bando.

6. Mfanyabiashara, anza na namba

Salamu ndefu zitakuja. Kwanza jifunze kuhesabu, maana hapo ndipo hela inapopotelea.

Namba ndogo ni nyepesi: shí ni kumi, shí yī ni kumi na moja, èr shí ni ishirini. Kazi inaanza kwenye elfu 10. Sisi tunatoka elfu, tunaingia laki, tunafika milioni. Wao elfu 10 ina jina lake, wàn, na laki na milioni zinahesabiwa kwa hilo. Laki moja ni shí wàn. Milioni ni bǎi wàn. Ukisikia sān wàn, si elfu 3 wala laki 3, ni elfu 30. Sifuri moja ikikosewa kwenye oda ya kontena, hiyo ndiyo faida yote.

Vidole pia vina lugha. Wachina huhesabu hadi 10 kwa mkono mmoja: gumba na kidole cha mwisho vikinyooka ni 6, gumba na kidole cha shahada vikinyooka mithili ya bastola ni 8. Anayekuelekezea bastola hiyo hakutishi, anakutajia bei.

Ongeza sentensi tatu: duōshao qián (bei gani), tài guì le (ghali mno), piányi yìdiǎnr (punguza kidogo). Je, zitakupunguzia bei? Kidogo, na si kila siku. Muuzaji wa soko la Yiwu, lenye vibanda zaidi ya 70,000, ameshawazoea wageni wa kila rangi na ana kalkuleta mezani. Manufaa ya Kichina chako yako kwingine. Unaanza kusikia wakala anavyoongea na muuzaji mgongoni mwako. Unaweza kutoka sokoni ukaenda kiwandani. Unaweza kuingia 1688, soko la mtandaoni la kampuni ya Alibaba lililotengenezwa kwa wanunuzi wa ndani ya China, ukalinganisha bei zao na unazotajiwa wewe. Bado utahitaji mtu wa kukupokelea mzigo, kuukagua na kuusafirisha, ila sasa mtu huyo anajua kwamba unaona.

Guangzhou usishtuke ukisikia maongezi usiyoelewa hata neno. Wenyeji wanaongea Kikantoni. Kichina sanifu wanakijua, na ukikiongea watakujibu kwacho.

Na mkataba wa Kichina usiutie saini kwa ujasiri wa HSK ya ngazi ya 3. Tafuta mtu mzima wa lugha na sheria.

7. Kalenda yao ni mtaji wako

Kipande hiki cha utamaduni kina bei inayopimika. Mwaka Mpya wa Kichina hufuata mwezi, huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Wafanyakazi wanarudi kwao mikoani, viwanda vinafungwa kwa wiki mbili na zaidi, na kabla ya hapo kila mtu duniani anagombea nafasi ya kontena. Kuna tena wiki ya sikukuu ya taifa kuanzia Oktoba 1.

Chukua mfano wa 2027. Mwaka Mpya wao ni Februari 6. Idi el-Fitri, mwezi ukiandama, itakuwa karibu na Machi 10. Anayesubiri Januari ndipo aagize nguo za Idi atazipokea watu wakijiandaa kwa Idi ya kuchinja. Oda ya namna hiyo inafanyika Novemba.

8. Waite watu vizuri, na usikie wasichokisema

Mswahili hafundishwi heshima na Mchina, lakini akijua milango yake ilipo ataingia kwa urahisi kuliko Mzungu. Wao pia humwita mtu baki kwa majina ya undugu: gē ni kaka, jiě ni dada, āyí ni yule mama tunayemwita shangazi au mama mdogo, shūshu ni baba mdogo. Fundi na dereva ni shīfu. Mwenye duka ni lǎobǎn, bosi, kama wanavyotuita wote mabosi Kariakoo tukiwa na elfu 5 mfukoni. Muuza duka msichana huitwa měinǚ, yaani mrembo, na hakuna anayeona ajabu. Jina la ukoo linatangulia: Wang Wei ni Bwana Wang, na akiwa mkubwa kazini ni Wáng zǒng.

Kitu chochote, hasa kadi ya biashara na zawadi, toa na upokee kwa mikono miwili. Hilo umeshafunzwa nyumbani.

Zawadi zina mitego. Saa ya ukutani usimpe, maana maneno ya "kumpa mtu saa" yanasikika sawasawa na ya kumsindikiza maiti. Namba 4 wanaikwepa kwa kuwa sauti yake iko karibu na ya kifo, 8 wanaipenda. Na hili wapenzi wa Yanga walisikie vizuri: mwanamume aliyevaa kofia ya kijani, kwa Wachina, ni mwanamume ambaye mkewe ana mtu wa nje. Kama unataka kumfanya mgeni wako Mwananchi, mpe jezi. Kofia muwekee mwenyewe kabatini.

Kubwa kuliko yote ni uso, miànzi. Usimkosoe mtu mbele ya wenzake, hata kama ana makosa, hata kama ni mdogo wako kazini. Mvute pembeni. Ugomvi mwingi wa saiti unaanzia hapo, na lawama ni za pande zote: wapo mabosi wa Kichina wanaofoka hadharani kwa namna ambayo wasingethubutu kwao. Mwenye kuijua sheria hii anaweza kuwakumbusha wao wenyewe.

Mchina akisema kǎolǜ kǎolǜ, nitalifikiria, mara nyingi amekataa. Usirudi kesho yake kuuliza amefikia wapi. Sisi wa "tutaona" na "Inshallah" tunalielewa hilo bila mwalimu. Lakini huyohuyo asiyetaka kusema hapana atakuuliza umri, mshahara, na kwa nini hujaoa, tena kwenye mkutano wa kwanza. Hakutukani. Jibu unachotaka, naye atakuambia wake.

9. Kwenye chakula, maneno mawili

Kwa Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe: qīngzhēn ni halali, huandikwa 清真, mara nyingi kwenye bango la kijani. Migahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono, ya Waislamu wa kaskazini-magharibi, iko karibu kila mji na bei yake ni ya mwananchi wa kawaida. Neno la pili ni ròu. Kamusi itakuambia ni nyama, ila kwenye menyu nyingi nyama isiyotajwa ya mnyama gani ni ya nguruwe. Uliza. Guangzhou utakwenda kuswali Ijumaa kwenye Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa mikongwe zaidi nchini humo.

Pombe ya kunyweshana kwenye karamu unaweza kuikataa kwa adabu, ukanyanyua kikombe cha chai. Vijiti usivichomeke wima kwenye wali. Ndivyo wanavyofanya kwenye ibada za wafu.

10. Jua historia yenu, inafungua maongezi

Jifunze kusema Tǎn-Zàn tiělù, TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na Mchina wa makamo akiisikia kinywani mwako maongezi hubadilika. Wataalamu wao waliofariki wakiwa kazini wana makaburi yao Gongo la Mboto, na kila Aprili, msimu wa Wachina kusafisha makaburi, watu huenda kuweka maua. Zanzibar inapokea madaktari wa Kichina tangu 1964.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuna twiga wa Malindi aliyepelekwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, na mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi. Wapwani walikuwa wateja wa China kabla Mreno hajaijua njia. Na kwa burudani, taja Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili na kurushwa TBC mwaka 2011. Rais Xi Jinping mwenyewe aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013.

Haya hayakulazimishi kusifia kila kitu. Unaweza kuheshimu TAZARA na bado ukauliza masharti ya mkataba wa leo.

11. Kama unakwenda kusoma, soma masharti hadi chini

Kwa kijana mwenye ufaulu mzuri, hapa ndipo Kichina kinapolipa haraka zaidi. Ufadhili wa serikali ya China hugharamia ada na bweni, na hutoa posho ya yuan 2,500 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu. Anayekwenda shahada ya kwanza inayofundishwa kwa Kichina kwa kawaida hupewa mwaka mmoja wa lugha kwanza. Mwaka huo ni mfupi kuliko unavyosikika. Mwisho wake utaingia darasa la uhandisi lenye Wachina, na mhadhiri hatapunguza mwendo kwa ajili yako. Anayefika na ngazi ya 2 au ya 3 mkononi analala usingizi. Asiyefika nayo anakesha. Cheti cha HSK hutumika kwa maombi ya chuo kwa miaka miwili, kwa hiyo usikifanye mapema mno.

Wanaokwenda kusomea udaktari kwa Kiingereza wasijidanganye kwamba wameikwepa lugha. Darasani ni Kiingereza, wodini mgonjwa analalamika kwa Kichina.

Kabla ya kumlipa wakala yeyote, fanya mambo mawili. Uliza Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa nyumbani. Kisha tazama tovuti ya chuo chenyewe uone kama ufadhili anaokuuzia haupatikani kwa kuomba mwenyewe.

12. Pa kuanzia, na pa kuachia

Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa 2005, ndiyo ya kwanza Afrika. Tanzania ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma. Kenya pia ziko Kenyatta na Egerton. Uganda iko Makerere. Walimu wengi wanatoka China, na ada kwa kawaida si ya kutisha ukilinganisha na vyuo binafsi vya lugha. Mlipaji mkuu wa taasisi hizi ni upande wa China, na baadhi ya vyuo vya Marekani na Ulaya vilizifunga kwa kuhofia ushawishi wa serikali hiyo. Soma lugha, habari za siasa zisome pengine pia.

Shuleni nako kumeanza kuchangamka. Kichina kimo kati ya masomo ya kuchagua ya sekondari za Tanzania, Uganda ilikiingiza kwenye baadhi ya sekondari mwishoni mwa 2018, na Kenya mwaka 2019 ilitangaza nia ya kukifundisha kuanzia gredi ya 4. Mtoto wako akikipenda, mwache. Akiburutwa, atakichukia na hesabu ataikosa pia.

Kuna mwalimu wa bure ambaye watu humsahau: Mchina wa mtaani kwako. Anahangaika na Kiswahili kama wewe unavyohangaika na Kichina. Nusu saa ya lugha yake kwa nusu saa ya lugha yako, mara mbili kwa wiki, itakunyoosha toni kuliko kitabu. Na Redio China Kimataifa, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, itakupa habari zao kwa lugha unayoielewa wakati masikio yanajizoesha.

Kwa hiyo usianze kwa kulipa. Anza kwa programu ya simu, kamusi na jirani, mwezi mmoja au miwili. Ukiona umekaza, lipia kozi ya kwanza. Ada ya kozi ya pili iahirishe mpaka uwe umeshamuuzia, umemhudumia, umemwongoza au umemwandikia Mchina mmoja kwa lugha yake. Kama kozi ya kwanza imekwisha na mtu huyo hajapatikana, peleka hela hiyo VETA ukasomee ufundi umeme.